Kutoka steji hadi mlangoni: shajara ya mradi wa vigari vya jiji

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tumeanza rasmi. Tuko watano katika chumba kimoja juu ya duka la redio na spika, Luthuli Avenue: mhandisi wa barabara, mchora ramani, msanidi wa programu, wakili, nami niliyesomea mipango miji. Nimeandika swali letu ubaoni kwa herufi kubwa ili lisitutoroke: mtu akishushwa pembezoni mwa jiji akiwa na gunia, mtoto mgongoni au goti linalouma, afikeje aendako?

Jibu tunalolipima ni vigari vidogo vya umeme visivyo na dereva, vya watu sita hivi, vinavyozunguka sehemu kongwe ya Nairobi: kutoka stesheni ya reli, kupanda Moi Avenue, kupita jumba la nyaraka za taifa na sanamu ya Tom Mboya hadi Koja, kisha kukata Mtaa wa Biashara kuelekea City Market. Ukilinganisha na Lamu au Mombasa, mji huu ni mtoto. Reli ilifika hapa mwaka 1899. Lakini umri wa mji unaupima pia kwa vile mitaa yake ilivyopimwa. Kenyatta Avenue iliachwa pana ili gari la kukokotwa na ng'ombe wengi liweze kugeuka. Biashara na River Road hazikupata bahati hiyo. Zilijengewa maduka yaliyobanana, na hadi leo duka na mpita njia wanagawana nafasi ileile.

Nina sababu yangu ya kuwa hapa. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Mama yangu alikuwa anakwenda kuchukua dawa. Alishushwa Ngara pamoja na wenzake, akatembea. Ana goti ambalo halikunjiki vizuri tangu zamani. Alipumzika mara tatu njiani, mara ya mwisho akiwa amekaa kwenye ngazi za duka la mtu asiyemjua. Amri ilisitishwa siku hiyohiyo, na tangu hapo kila mtu anayesema matatu ziondolewe katikati ya jiji hujibiwa kwa mfano wa siku ile. Mimi naona hoja ya kupunguza magari ilikuwa na haki yake. Waliosahauliwa ni watu waliobaki na kilomita moja na nusu mbele yao.

Jumanne, 11 Februari

Tumeshinda tukisoma yaliyofanywa kwingine. Wazo lenyewe si jipya. Morgantown, mji wa milimani wenye chuo kikuu katika jimbo la West Virginia, Marekani, una vigari visivyo na dereva tangu mwaka 1975. Kila kimoja kina viti vinane na nafasi ya kusimama, jumla abiria 20, na hupita kwenye njia yake ya zege isiyoingiliwa na mtu, kwa nafasi ya hata sekunde 15 kati ya kimoja na kingine. Kilichonivutia ni vituo vyake: viko kando ya njia kuu, kwa hiyo kigari kinachoshusha watu hakikizuii kinachopita. Abiria wakiwa wachache, unabonyeza kitufe cha uendako na kigari kinakupeleka moja kwa moja. Wakizidi, mfumo unafuata ratiba. Gharama ilipanda mara kadhaa kuliko ilivyokadiriwa mwanzoni.

Heathrow, London, ipo tangu 2011: vigari 21 vya watu wanne wanne, njia ya kilomita 3.8, kati ya maegesho na Terminal 5. Inafanya kazi vizuri, lakini tazama mahali penyewe. Ni ndani ya uwanja wa ndege, njia imeinuliwa au imezungushiwa uzio, na hakuna mtu wa kukatiza mbele ya kigari akiwa na beseni la ndizi kichwani. Masdar, karibu na Abu Dhabi, walitaka kuuinua mji mzima juu ya nguzo ili vigari vipite chini yake. Vya kwanza vikaanza 2010, kisha mpango wa kuvieneza mji mzima ukaachwa kwa sababu ya gharama.

Mji uliotugusa zaidi ni Amritsar, India. Mji wa kale uliosongamana, mahujaji wengi kila siku wakielekea Hekalu la Dhahabu kutoka stesheni ya reli na kituo cha mabasi. Mwaka 2011 ulitangazwa mpango wa vigari vya kupita juu ya barabara kuwabeba. Haukujengwa. Badala yake, barabara ya kuelekea hekaluni ikafungwa kwa magari, ikatengenezwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na kuzinduliwa 2016. Mchora ramani wetu alinyamaza kidogo baada ya kusoma hayo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tunajenga kitu ambacho miguu ingekifanya?" Hatukumjibu. Nimeliandika swali lake chini ya letu.

Trikala, Ugiriki, ndio waliotupa moyo. Kati ya 2015 na 2016 walijaribu vibasi vidogo visivyo na dereva katika barabara za kawaida za mji, bila nguzo wala uzio, kwa mwendo wa polepole. Walikipa kibasi leni yake, wakaweka chumba cha watu wa kukifuatilia kwa kamera, na sheria ikabadilishwa kwanza ili jaribio liruhusiwe. Hicho ndicho tunachoweza kuota Nairobi. Njia ya juu tumeiondoa leo. Nguzo zingetua mbele ya Msikiti wa Koja uliojengwa 1922, na sidhani kuna hoja ya usafiri inayotosha kuufunika.

Alhamisi, 20 Februari

Siku ya hesabu. Naziandika zote, kwa sababu zimebadilisha mradi.

Tuseme kigari kinabeba watu sita, na kimoja kinapita kila sekunde 15. Ni vigari 240 kwa saa, watu 1,440 vikijaa kabisa. Matatu ya watu 14 ikipita kila sekunde 10 ni watu 5,040. Hapo basi, anayesema vigari vitachukua nafasi ya matatu hajapiga hesabu. Na hata hao 1,440 ni wa kinadharia, maana kigari chenye watu sita wanaokwenda pamoja ni nadra. Kwa wastani wa wanne, tunabaki na 960. Isitoshe, asubuhi wote wanatoka stesheni kuingia mjini na jioni wote wanarudi, kwa hiyo upande mmoja vigari vinakwenda vitupu.

Mzunguko wetu ni kama kilomita 3. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa, vituo vikiwemo, ni dakika 15 kuuzunguka. Kigari kila sekunde 15 maana yake ni vigari 60 barabarani kwa wakati mmoja. Heathrow nzima ina 21.

Kisha mhandisi akauliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria: watu watapandia wapi? Kupanda na kushuka ni sekunde 30, kuingia na kutoka kwenye nafasi ya kusimama ni 15. Nafasi moja basi inahudumia vigari 80 kwa saa. Kwa watu wanne kila kigari, ni watu 320. Ukitaka kupakia watu 960 kwa saa pale stesheni, unahitaji nafasi tatu bila kupumua, kwa hiyo nne. Kila nafasi ni mita tano. Mita 20 za ukingo wa barabara, na hazikaliwi na mtu mwingine kamwe.

Nani anazitumia mita hizo 20 sasa? Matatu inayongoja kujaa. Abiria akija kila sekunde 40, matatu ya watu 14 inasimama zaidi ya dakika tisa kabla ya kuondoka, na nyingine nyuma yake inangoja zamu. Hapo ndipo nilipoelewa faida halisi ya kigari kidogo. Kinaondoka na mmoja. Kinaondoka na wawili. Hakina deni la siku la kumlipa mwenye gari, kwa hiyo hakina sababu ya kukaa.

Ubaoni tumefuta neno "badala" tukaandika "baada". Vigari vya baada ya matatu. Matatu na mabasi, pamoja na zile njia kuu za mabasi ya kasi zilizopewa majina ya Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati zitakapokamilika, ziwalete watu kwa maelfu hadi ukingoni. Sisi tuchukue wale ambao kutoka hapo hawawezi kutembea.

Hili limejibu pia swali la Amritsar. Nairobi ni mji wa miguu. Safari kama nne katika kila kumi hufanywa kwa kutembea. Mwenye miguu mizima aachiwe njia pana, kivuli na kivuko salama, naye hatatuhitaji.

Jumapili, 9 Machi

Leo tumetengeneza fremu ya mbao: mita 1.5 kwa 3.5, ukubwa wa kigari tunachokifikiria. Tuliibeba watu wanne, kila mmoja pembeni mwake, tukaanza kutembea nayo kutoka stesheni saa moja asubuhi, maduka yakiwa bado yamefungwa. Wa tano alishika utepe wa kupimia na daftari.

Moi Avenue haikutupa shida. Kenyatta Avenue tuliivuka kwa taa. Tabu ilianza Biashara. Duka moja la vitambaa lilikuwa tayari limefunguliwa, na vijana walikuwa wakitoa sanamu za kuvalisha nguo na kuzipanga nje kama kawaida yao, safu mbili. Kwa fremu yetu kupita, kwanza tulisogea katikati ya barabara, tukakutana na pikipiki tatu zilizoegeshwa mshazari, tukarudi nyuma, tukainua fremu juu ya vichwa. Kigari hakiwezi kujiinua. Mwenye duka, mzee wa makamo aliyeniambia familia yake imekuwa mtaani hapo vizazi vitatu, alitoka kutuuliza tunafanya nini. Nilimweleza. Akaitazama fremu kwa muda, akaingia ndani, akarudi na kipande cha chaki.

"Hii sanamu ya mwisho naweza kuirudisha mpaka hapa," akasema, akachora mstari sakafuni. "Jirani yangu muulizeni wenyewe."

Tuliuliza maduka 11. Saba walichora mstari. Wanne walitaka kujua kwanza kama teksi na magari binafsi yataendelea kuegeshwa upande wa pili, na walikuwa na haki, kwa sababu gari moja lililoegeshwa linakula nafasi kubwa kuliko sanamu zote za mtaa. Nimeweka hilo kwenye mpango kama sharti: mstari wa duka usisogezwe kabla maegesho ya upande wa pili hayajaondolewa.

Luthuli, mtaa wetu wenyewe, inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Ilikuwa imefunikwa na matatu kutoka pembe hadi pembe. Tangu ilipogeuzwa kuwa njia ya upande mmoja na watembea kwa miguu kupewa nafasi pana, wauza spika bado wako, na wateja bado wanakuja.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani. Tulisimama Banda Street saa saba na nusu mchana, karibu na Msikiti wa Jamia, swala ya Ijumaa ilipokwisha. Kwa dakika chache hakukuwa na barabara. Kulikuwa na watu tu, kutoka ukuta hadi ukuta, hadi upande wa Maktaba ya McMillan na kuteremka kuelekea City Market.

Msanidi wetu alikuwa na programu yake ya kuigiza mwendo wa vigari kwenye kompyuta. Ndani yake kila mpita njia ni nukta inayokatiza barabara kisha inaondoka. Alitazama ule umati akafunga kompyuta. Kigari ambacho kimefundishwa kusimama kila kionapo mtu mbele yake kingesimama hapa hadi alasiri, na vingine 59 nyuma yake.

Tumekubaliana kwamba Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana vigari vitaishia Koja, havitaingia Biashara kabisa. Kulikuwa na pendekezo la kuweka askari wa kuwatawanya watu ili vigari vipite. Nililipinga kwa nguvu, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Msikiti ule ulikuwapo kabla ya matatu ya kwanza. Gari ndilo la kungoja.

Jumatano, 26 Machi

Wakili ametueleza sheria kwa saa mbili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeandikwa na dereva akilini: leseni ni yake, makosa ni yake, adhabu ni yake. Kigari kisicho na mtu hakina mahali pa kusimama ndani yake. Tutahitaji kibali maalumu cha majaribio, na kwa awamu ya kwanza mhudumu atakuwa ndani ya kila kigari, mwenye leseni na kitufe cha kusimamisha. Majengo ya kale yana sheria yake, ile ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006.

Na kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia, kwa kadiri inayofaa, mahali pote na vyombo vya usafiri wa umma. Wakili alikisoma kwa sauti. Nimekinukuu kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango, mbele ya ramani. Kigari ambacho kiti cha magurudumu hakiingii bila kuinuliwa hatutakichora tena.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbaya, na nashukuru imetokea uwanjani, haikutokea mtaani.

Tuliazima uwanja wa kuegesha magari upande wa Eneo la Viwanda. Tulikuwa na kigari cha majaribio, kitoroli cha umeme chenye leza mbele, kimo cha goti, inayopima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake. Tuliweka masanduku, kikasimama. Tulivuka mbele yake, kikasimama. Kisha tukamwita mzee mmoja hamali, ambaye amesukuma mkokoteni kwa zaidi ya miaka 20 kati ya Gikomba na River Road, apite mbele yake akiwa na mzigo wa kawaida. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa nondo.

Nondo zilikuwa zimechomoza nyuma ya mkokoteni kama mita mbili, kwa kimo cha kifua. Leza iliuona mkokoteni. Iliona magurudumu, iliona miguu ya mzee. Mkokoteni ulipopita, mbele ya leza pakawa wazi, kitoroli kikaondoka, na nondo zikaingia pale ambapo kioo cha mbele kingekuwa na nyuma yake uso wa abiria. Hakuna aliyeumia kwa sababu hakukuwa na mtu ndani. Leza ya namna hiyo huona kipande kimoja tu cha dunia, chembamba kama karatasi. Kilicho juu yake hakipo.

Mzee alitutazama tukihangaika na kompyuta, akatusogelea. "Wanangu," alisema, "mimi nondo nazifunga kitambaa chekundu mwishoni. Hata matatu inakijua." Kisha akatuonyesha mengine ambayo hatukumwuliza. Kwamba mkokoteni wenye mzigo hausimami ghafla, unavutwa chini nyuma hadi kipande cha tairi kikwaruze lami. Kwamba mteremko wa kushuka kuelekea mtoni ndio mbaya kuliko yote. Kwamba yeye hatazami magari, anatazama miguu ya watu walio mbele yake, kwa sababu mtu anayetaka kukatiza huugeuza wayo kabla ya kugeuza kichwa.

Tulikaa naye mpaka jioni, mwenye uwanja akatuletea chai. Kutokana na siku hiyo, kigari chetu sasa kina leza tatu kwa kimo tofauti na kamera mbili, na mwendo Biashara umeshushwa hadi kilomita 10 kwa saa. Kwa mwendo huo kigari husafiri chini ya mita tatu kwa sekunde, na breki ya kawaida isiyomtupa abiria inakisimamisha ndani ya mita mbili hivi. Kwa kilomita 20 kwa saa kingehitaji karibu mita nane. Tofauti hiyo ya mita sita ndiyo nondo za mzee.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Maji yalijaa sehemu ya chini ya River Road hadi juu ya ukingo. Kamera zilififia kwa matone, leza mbili kati ya tatu ziliendelea. Vigari visifanye kazi maji yakifika kimo cha ekseli. Mhudumu aamue, kompyuta isiamue.

Jumanne, 6 Mei

Mkutano na watu wa steji: madereva, makondakta, mahamali wawili akiwemo mzee wetu, na kina mama wanaonunua nafaka Nyamakima kwa kuuza mitaani kwao. Tulikutana kwenye hoteli ndogo, ghorofa ya kwanza, tukatandaza ramani mezani juu ya vikombe.

Kondakta mmoja alianza bila kuzunguka. "Mnatuambia hakuna dereva. Mimi nina watoto wawili. Dereva wangu ana wanne. Sasa mnataka tule nini?" Sikuwa na jibu la kumtuliza, na nisingemdanganya. Nilimwonyesha hesabu za Februari: watu 960 kwa saa dhidi ya elfu tano. Nikamwambia kila kigari kitakuwa na mhudumu kwa awamu ya kwanza, na kwamba tumependekeza wahudumu na waangalizi wa vituo watoke kwenye sako za matatu zilizopo, yaani vyama vyao vya ushirika, kwa mkataba wa maandishi. Alisoma ukurasa ule wote, kwa kidole. Akasema, "Awamu ya kwanza ikiisha?" Nimeandika swali hilo kwenye mpango kama lilivyo, kwa maneno yake, na pendekezo letu ni kwamba awamu ya pili isianze bila sako kupiga kura. Wakili anasema hakuna sheria inayotulazimisha. Najua.

Kisha mama mmoja, mfanyabiashara wa maharagwe, akauliza swali ambalo lilinyamazisha chumba. "Hilo gari litabeba gunia langu?"

Michoro yetu yote ilikuwa na viti sita. Hakuna mahali pa gunia. Yeye hubeba kilo 90 kutoka Nyamakima hadi steji ya Railways mara tatu kwa wiki, akimlipa hamali kila mara. Tukamgeukia mzee. Nilihofia atasema tunamnyang'anya kazi. Akasema kilo 90 kwa mama mmoja si kazi ya mkokoteni, mkokoteni unaishi kwa mizigo ya maduka, ya magunia kumi kwenda juu. Akasema vilevile kwamba kuna vijana wanaoishi kwa gunia mojamoja, nao hawakuwa mkutanoni. Tumeahidi kuwatafuta.

Ijumaa, 16 Mei

Mchoro mpya. Viti vinne badala ya sita, upande mmoja. Upande wa pili sakafu tupu, chini kabisa, usawa wa ukingo wa kituo: hapo unaingia mkokoteni mdogo wa mkono, kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto, au gunia. Hesabu ya abiria imeshuka tena. Vigari 240 kwa saa kwa wastani wa watu watatu ni 720.

Mhandisi alisikitika, na namwelewa, kwa sababu kila tunapomsikiliza mtu namba inapungua, na wafadhili husoma namba. Lakini nimekaa na hizo 720 tangu asubuhi. Ni mama wa maharagwe. Ni mtu wa kiti cha magurudumu ambaye leo, akitoka stesheni, hubebwa na wapita njia kupandishwa ukingo. Ni mama yangu kwenye ngazi za duka. Hao 720 hawana namna nyingine, na wale wengine wote wanayo. Namba ya kwanza, ile ya watu 1,440, ilikuwa kubwa kwa sababu haikumjua mtu yeyote.

Tumeamua kuipeleka hivyohivyo.

Alhamisi, 22 Mei

Mpango umekamilika kuandikwa: ramani tatu, michoro miwili, orodha ya mistari ya chaki ya maduka saba, saa za Ijumaa, swali la kondakta. Kibali cha majaribio kimeombwa kwa kipande kimoja tu, kutoka stesheni hadi jumba la nyaraka, vigari viwili, siku za Jumapili.

Vijana wawili wa gunia mojamoja tumewapata kupitia kwa mzee. Mmoja anataka kufundishwa uangalizi wa kituo. Mwingine amekataa, hakutoa sababu, wala hatukumshinikiza.

Jumatatu tunarudi uwanjani. Leza ya juu imefungwa upya kwa kimo cha kifua. Mzee ameahidi kufika saa mbili asubuhi na mzigo wa nondo, safari hii bila kitambaa chekundu, tuone kama kigari kitaziona.